Chini Inasoma Ngapi

Jumamosi, 1 Novemba

Leo Tarsem amemaliza kufunga mfumo mpya wa joto. Ni Singasinga aliyezaliwa Nakuru, akaletwa hapa Birmingham akiwa kijana, na Kiswahili chake kipo bado ingawa kimeota kutu.

Amenieleza hivi. Kipimajoto kimoja kiko nje, ukuta wa nyuma, upande jua lisikofika. Cha pili kiko ndani. Ni kidude cheupe kisicho na waya, kina kioo kidogo cha namba, na unaweza kukihamisha utakako. Cha nje kinaiambia boila baridi ikoje, nayo inapasha maji ya rejeta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto, kwa kiasi hicho tu, polepole, mchana kutwa. Cha ndani kinasahihisha: kikishasoma nyuzi kumi na tisa, boila inapunguza, na kikipita hapo inazima.

"Wewe usiguse, bwana," amesema. "Watu yote naharibu kwa kugusa."

Amenitaka niandike namba asubuhi na jioni, msimu mzima, ili akija tena ajue pa kurekebisha. Kuandika si kazi ngumu kwangu. Enzi za kiwanda cha magari Longbridge, tulipokuwa tunafunga milango, daftari la zamu lilikuwa langu.

Cha ndani tumekiweka sebule ya mbele kwa sababu ndiko anakokaa Baba. Nje tisa, ndani kumi na tisa. Baba aliuliza kinasema nini, nikamsomea.

"Kumi na tisa," alisema. "Kwetu hiyo ni ndani ya friji."

Jumatatu, 3 Novemba

Nje saba, ndani kumi na tisa.

Jumanne, 4 Novemba

Nje sita, ndani kumi na tisa. Zuleha, mke wangu, haamini kwamba boila inawaka mpaka aguse rejeta. Ile ya zamani ilikuwa inanguruma kama lori.

Jumapili, 9 Novemba

Baba ameanguka kwenye ngazi. Hakuvunjika, lakini miguu haimbebi tena. Nesi amesema asishuke, akae juu karibu na choo. Kwa hiyo amehamia moja kwa moja kwenye chumba chake cha nyuma, kile kilicho juu ya jiko. Kuta zake tatu zinatazama nje.

Nesi alinivuta pembeni. Mwaka jana Baba alipata nimonia mara mbili. Amesema chumba kisishuke chini ya nyuzi kumi na nane. Akiipata tena, hata akipona, hospitali haitamruhusu kurudi nyumbani.

Nimemwambia tuna mfumo mpya.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimerudi kutoka ghala la vifurushi, ninakofanya zamu ya asubuhi, nikakuta viatu vimejaa korido nzima. Dada yangu Mwanasiti, anayekaa na Baba sisi tukiwa kazini, amewaarifu watu kwamba mzee hawezi. Watu wakaja kumtazama mgonjwa, kama inavyopasa. Wanawake sebule ya mbele, wanaume chumba cha kulia. Wanapanda kwa Baba wawili wawili, wanamwombea dua, wanashuka. Kisha hawaondoki. Wanakaa, wanakunywa chai ya tangawizi, wanazungumza, wengine wanaingia.

Nimetazama kidude: ishirini na tatu. Boila imezima. Nimepanda nikagusa rejeta ya Baba, baridi. Mkono wake nao.

"Chini inasoma ngapi?" aliniuliza.

"Ishirini na tatu, Baba."

Akatabasamu. "Basi na watu wa mtaa wa Small Heath wamefika."

Jumamosi, 15 Novemba

Nje tano. Sebuleni asubuhi kumi na tisa, jioni ishirini na mbili. Chumbani kwa Baba sina cha kupimia. Kesho nitanunua kipimajoto cha kawaida, cha kutundika.

Jumapili, 16 Novemba

Chumbani kwa Baba kumi na tano.

Jumatano, 19 Novemba

Nimelifikiria hili njiani kwenda kazini na njiani kurudi, na nimelielewa vizuri sana. Wageni ishirini wakikaa sebuleni, miili yao inaipasha sebule. Kidude kinadhani nyumba yote ina joto, kinaizima boila. Juu hakuna mwili ila wake. Wanaokuja kwa ajili yake ndio wanaomtia baridi, na hakuna hata mmoja mwenye kosa.

Nilijaribu kumweleza Mwanasiti jikoni.

"Dada, watu wakijaa, boila inazima."

"Kwa hiyo watu wasije?"

"Sijasema wasije."

"Umesema nini basi?"

Nikachukua kikombe nikaanza kukifuta.

"Nikae mlangoni niwaambie nini, Ishaka? Rudini makwenu, mnaipasha nyumba moto?"

Zuleha aligeukia sinki akacheka. Mimi nilimwona Mwanasiti kuwa mtu mgumu, anayependa nyumba ijae ili aonekane yeye ndiye mwenye mgonjwa. Naandika nilivyoona.

Alhamisi, 20 Novemba

Zuleha ametaka tununue hita ya umeme tumwekee Baba. Baba amekataa katakata. Majira yake ya kwanza ya baridi hapa Uingereza, rafiki yake aliungua chumbani kwa hita kama hiyo, na yeye Baba ndiye aliyeitwa kumtambua. Anasema mkiiweka atalala korido. Hatukuendelea.

Blanketi la tatu.

Jumapili, 23 Novemba

Deka amekuja na sambusa. Ni jirani wa ukuta mmoja na sisi, Msomali wa Eastleigh aliyepitia Norway kabla ya kufika hapa. Alipanda kumsalimia Baba, akashuka amefunga koti hadi kidevuni.

"Ishaka, walahi huko juu ni Norway na hapa chini ni Garissa. Sasa mzee mmempeleka Norway ya nini?"

Wanawake wakacheka. Mwanasiti hakucheka. Alipanda na chupa ya maji ya moto, akakaa huko muda mrefu.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimempigia Tarsem. Dawa ipo: kuigawa nyumba, juu iwe na mabomba yake na kipimajoto chake, chini vivyo hivyo. Siwezi kufunga rejeta za sebuleni peke yake, maana bomba ni moja la kizamani, linapita chini kwanza ndipo lipande. Ukifunga chini umefunga juu. Atakata na kutenganisha, lakini vifaa ni vya kuagiza, na kabla ya mwaka mpya hana nafasi.

"Sasa hivi wewe peleka kidude juu, kwa mzee," amesema. "Chini itakuwa moto sana. Wacha iwe."

Nimeshangaa sikuliwaza hilo mwenyewe.

Jumanne, 25 Novemba

Nimekipeleka kidude juu, kwenye meza ndogo karibu na mto wa Baba. Nje tatu. Jioni, chumbani kwa Baba, kumi na tisa.

Jumatano, 26 Novemba

Kumi na tisa.

Alhamisi, 27 Novemba

Kumi na tisa. Ametoa mikono nje ya blanketi. Nilimnyoa ndevu, akanisimulia habari za mwalimu wangu wa darasa la tano, kwamba alinipenda kwa sababu mistari yangu ilikuwa imenyooka.

Jumapili, 30 Novemba

Kumi na tisa juu. Chini ni tanuri. Boila inahangaika kukipasha chumba chenye kuta tatu za baridi, na maji hayohayo ya moto yanapita sebuleni kwanza, penye watu. Nimekuta Mwanasiti amefungua dirisha na mlango wa mbele, anajipepea kwa bahasha.

"Dada, joto lote linatoka nje."

"Na litoke. Mama wa watu kazimia hapa." Alinionyesha Bi mmoja mnene aliyekuwa akimwagiwa maji usoni.

"Wifi," Zuleha alimwambia, "miaka yote unalilia joto la Unguja. Leo umeletewa mpaka kitini unalikimbia."

"La Unguja lina upepo, wifi."

Alhamisi, 4 Desemba

Juu kumi na tisa. Wageni wachache.

Jumamosi, 6 Desemba

Juu kumi na tisa. Wameanza kukaa muda mfupi. Wanapanda, wanaomba dua, wanashuka wanatafuta viatu. Habari imeenea barabara nzima ya Stratford kwamba kwa Mzee Mkubwa, ndivyo wanavyomwita Baba, hakukaliki.

Jumanne, 9 Desemba

Juu kumi na tisa. Mgeni mmoja.

Ijumaa, 12 Desemba

Baba ameniita. Kidude kilikuwa mkononi mwake.

"Hiki siku zote kinasoma kumi na tisa."

"Ndiyo inavyotakiwa, Baba."

"Kinanisomea mimi. Mimi najijua. Kirudishe chini kinisomee wageni."

Nilimweleza tena, kwa utaratibu: ukuta wa nyuma, boila, bomba, maneno ya nesi. Nilimweleza kwamba fundi anakuja Januari, ni wiki chache tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana hajawahi kumkatiza mtu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kilipokuwa chini, nilikuwa nalala hapa nasikia vikombe. Nakuuliza namba, najua nani kaja. Sasa nasikia boila. Kirudishe, mwanangu."

"Baba, utaugua."

"Mimi ni mgonjwa sasa hivi, Ishaka. Wao walikuja kwa sababu hiyo."

Sikukirudisha.

Jumamosi, 13 Desemba

Hakula. Amesema hana hamu.

Jumapili, 14 Desemba

Alikunywa uji, vijiko viwili, kwa kubembelezwa na Mwanasiti. Mimi hanisemeshi. Ananijibu salamu tu.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimekirudisha chini. Nje nane, hakuna baridi kali. Nilijiambia kwamba nje ikiwa nane haidhuru.

Ijumaa, 19 Desemba

Sebuleni ishirini na mbili. Kwa Baba kumi na sita. Amekula wali na mchuzi wa samaki, akaomba tena.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mji umefungwa, mabasi hakuna, kwa hiyo walikuja wenye magari na wakawachukua wasio nayo. Sebuleni ishirini na tatu. Deka aliwachekesha wanawake mpaka tukawasikia juu. Baba alikuwa amefumba macho akisikiliza. "Huyo ni Deka," alisema. "Huyo mwenye kikohozi ni mke wa Chande."

Kwa Baba kumi na tano. Nimemvalisha kofia ya sufu.

Ijumaa, 2 Januari

Nimempigia Tarsem. Vifaa bado.

Jumapili, 4 Januari

Nje sifuri.

Jumatatu, 5 Januari

Nje mbili chini ya sifuri. Nilipandisha kidude usiku wageni walipoondoka, nikakishusha asubuhi kabla ya kwenda kazini, Baba asijue. Lakini mfumo huu ni wa polepole. Unachoupa usiku haukirudishi mpaka mchana, na mchana watu wanaingia. Kwa Baba kumi na nne.

Jumanne, 6 Januari

Hivyohivyo. Kumi na nne.

Alhamisi, 8 Januari

Nje nne chini ya sifuri. Barafu ndani ya kioo cha dirisha la choo.

Leo Mwanasiti alikuwa amepanga kisomo cha Yasini kumwombea Baba. Nilimwomba jana aahirishe, baridi ipungue. Alisema dua haiahirishwi kwa sababu ya boila. Nilirudi kazini nikakuta magari yamepangwa pande zote mbili za barabara mpaka kona. Walikuja wote, hata waliokimbia tanuri mwezi uliopita, hata watu wa mji wa Coventry. Walikaa chini, walikaa kwenye ngazi. Sauti ya kisomo ilipanda juu na kuijaza nyumba ile ndogo nzima.

Nilikuwa juu nimekaa kitandani kwa Baba, nimeshika miguu yake chini ya blanketi. Rejeta haikuwa na uhai kabisa. Pumzi yake ilikuwa inaonekana.

"Chini inasoma ngapi?"

Nikashuka, nikapenya katikati ya watu kwa kuomba radhi, nikasoma, nikapanda.

"Ishirini na sita."

Haijapata kufika hapo tangu mfumo ufungwe. Baba alirudia namba ile mara kadhaa, midomo tu ikitikisika. Alikuwa na uso ambao sikumbuki kuuona tangu mama afe.

Kwa Baba, kumi na mbili. Sikumwambia.

Jumamosi, 10 Januari

Homa. Kifua kinakoroma. Gari la wagonjwa limemchukua.

Jumapili, 11 Januari

Nimonia.

Jumamosi, 17 Januari

Yu hai. Mwanasiti halii mbele yangu. Leo kwenye lifti ya hospitali alisema, "Uliniambia na sikusikia." Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilisikia kila kitu na nikakiteremsha kidude kwa mikono yangu. Mlango wa lifti ukafunguka, wakaingia watu.

Ijumaa, 23 Januari

Alikuja mtu wa halmashauri kukagua nyumba. Binti mpole, aliandika huku anaomba samahani. Alisimama chumbani kwa Baba na kipimajoto chake mwenyewe. Nyumba ilikuwa tupu, boila ikifanya kazi. Kumi na saba na nusu. Nilimwambia fundi atakuja kutenganisha mabomba. Akaniuliza lini. Sikuwa na tarehe.

Baba hatarudi. Atapelekwa nyumba ya wazee, Longbridge.

Ijumaa, 30 Januari

Tumemhamisha. Jengo ni jipya, limejengwa pale kilipokuwa kiwanda chetu cha magari. Nilijaribu kupima kwa macho, kutoka barabarani hadi kwenye duka kubwa. Chumba cha Baba kiko karibu na mahali tulipokuwa tunafunga milango.

Joto ni ishirini na nne, mchana na usiku, kila chumba, kila korido. Dirisha linafunguka upana wa kidole. Wageni wawili kwa wakati mmoja, waandike majina mlangoni, na wakati wa chakula wasiwepo.

"Hapa kuna joto," Baba alisema. Kisha akauliza, "Na hao wengine wako wapi?" Nilikuwa nimekuja na Zuleha tu.

Jumapili, 8 Februari

Mwanasiti aliwakusanya wanawake wanane wakaenda na birika na sufuria ya biriani iliyofungwa kwa kanga. Mabasi mawili kutoka kwetu Sparkhill. Waliruhusiwa wawili. Sita walikaa kwenye benchi nje ya duka, sufuria mapajani, wakisubiri zamu, na wawili wa kwanza waliposhuka wakati wa chakula ulikuwa umefika. Wakala biriani palepale kwenye benchi ili isipotee. Deka ndiye aliyenisimulia, na kwa mara ya kwanza hakutia mzaha.

Alhamisi, 12 Februari

Baba amepiga simu nikiwa jikoni. Mhudumu alimshikia.

"Chini inasoma ngapi?"

"Kumi na tisa, Baba."

Nikasikia televisheni ya jirani yake.

"Haya," alisema.

Jumatatu, 16 Februari

Tarsem amepiga. Vifaa vimefika, anaweza kuja kesho. Nimemwambia asije. Akauliza kama mfumo una shida. Nimemwambia hauna.

Alhamisi, 19 Februari

Tumeanza kufunga Ramadhani leo. Wengine walianza jana, kama kawaida yetu. Nje saba, ndani kumi na tisa.

Ijumaa, 27 Februari

Nimerudi mapema nikamkuta Mwanasiti sebuleni, peke yake, amevaa koti. Funguo anazo tangu zamani. Hakuwa amewasha taa wala televisheni.

"Nimezoea kuja," alisema.

Nilikaa kwenye kiti cha pili. Baadaye alinyoosha kidole kuelekea kwenye kidude. "Mimi nimekaa hapa tangu adhuhuri. Hakijanihesabu hata mimi." Nilitazama. Kumi na tisa. Mtu mmoja haonekani kwenye kipimo.

Miezi yote hii nilimwona anapenda kujaza nyumba. Sasa naona ndiye peke yake aliyefanya alichotaka Baba.

Jumatano, 11 Machi

Huko Longbridge hakufikiki saa za kufuturu, na mchana watu wako kazini na saumu. Wiki hii nimeenda mimi tu. Amepungua. Anataka blanketi liondolewe, anasema joto linamchosha. Hajamtaja mtu kwa jina.

Jumanne, 17 Machi

Tarsem alikuwa anapita akaingia kuangalia namba zangu. Alizisoma zote tangu Februari, ukurasa kwa ukurasa, kwa furaha ya fundi. Nje imepanda na kushuka, ndani mstari umenyooka. Amesema katika nyumba zote alizofunga, hakuna inayokwenda vizuri kama hii.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Nje kumi na moja.

Asubuhi nilikwenda Longbridge kumpa mkono wa Idi. Alikuwa amelala, nikaacha kanzu mpya kwenye kiti. Mhudumu alisema usiku hakupumua vizuri. Daktari amekuja na kuondoka, na hawatampeleka hospitali tena. Amesema tujiandae.

Watu hawakuja nyumbani kwetu. Siku ya Idi hutembelewa mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba hayupo. Mwanasiti yuko kwa mwanawe. Zuleha alipika, tukala wawili, akaenda kuosha vyombo.

Alasiri simu ililia. Mhudumu alisema mzee anataka kuuliza kitu, kisha nikasikia pumzi yake, ndefu, ya kukwaruza.

"Chini," alisema. Akasubiri apate pumzi nyingine. "Inasoma ngapi?"

Kidude kilikuwa mezani mbele yangu. Kumi na tisa. Sijawahi kuandika wala kutaja namba ambayo sikuisoma.

"Ngoja nitazame, Baba."

Nikakichukua, nikakifumbata kwa mikono miwili, nikakipulizia pumzi kama mtu anayepasha vidole. Ishirini. Nikakiingiza ndani ya shati, kwapani. Upande wa pili wa simu alikuwa anasubiri, hakukata. Nikakitoa, nikarudisha, nikakitoa tena.

"Ishirini na sita," nilimwambia.

"Wamekuja," alisema.

Jikoni, boila ikazima.